Matonge Manane ya Siwema

Hapo zamani, si za mababu, za juzijuzi tu, na mwenye usingizi akalale kwao, palikuwa na nyumba ya watu tisa waliokula sinia moja. Ada yao ilikuwa hii: mdogo kuliko wote ndiye hunawa mwisho baada ya kula, na kila mkubwa humbakizia tonge. Tonge moja tu, nani atalaumiwa?

Mdogo huyo alikuwa Siwema, miaka kumi na miwili. Bibi yake, Bi Mwanaisha, aliringa mtaa mzima: "Mtazameni mjukuu wangu alivyonenepa, si vijiti kama wenu!" Lakini kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, Siwema alihema mpira haujarushwa, na magoti yakamuuma. Akaacha kucheza. Akawa anashinda kibarazani kwa bibi. Bi Mwanaisha naye akaacha kuringa.

Baba akaapa: "Atakayemrudisha mwanangu uwanjani, beberu wangu ni wake."

Siku moja Siwema akatokwa na jipu. Bibi akampeleka zahanati. Nesi Tunu akalitumbua, kisha akasema, "Haya, panda mzani."

"Mwanangu, tangu lini jipu likapimwa kilo?" bibi akamuuliza nesi.

"Bibi, watoto mnawaleta mzanini wakiwa wachanga, wakiota magego mmewasahau. Nyumbani nani hunawa mwisho?"

Bi Mwanaisha akahesabu vidole. Alipofika cha nane, akashika kichwa: matonge manane kila mlo!

"Asishinde njaa, wala asichekwe," nesi akasema. "Mpakulieni sahani yake, acheze kila siku, nami nimwone kila mwezi."

Bibi akalitundika sinia ukutani, akapakua sahani tisa. Wakaza wanawe wakanong'ona, "Mama kawa mchoyo!" Siwema akarudi kwenye rede. Akatolewa wa kwanza, akachekwa, kesho akarudi tena. Baada ya miezi sita mpira ulimkosa mpaka warushaji wakachoka wao.

Beberu akatolewa zizini.

"Wangu," akasema nesi. "Ningeweza kutumbua jipu nikanyamaza."

"Wangu!" akasema bibi. "Kusema ni rahisi. Aliyeitwa mchoyo nyumbani kwake ni mimi."

"Na lile tonge kubwa kuliko yote, Bibi, lilibakizwa na nani?" nesi akauliza.

"Langu, lakini la mapenzi!"

Siwema akakohoa. "Niwieni radhi, wakubwa zangu. Aliyechekwa uwanjani, kesho akarudi, ni nani?"

Kamba moja, mikono mitatu, na beberu anatafuna kanga ya bibi. Sasa nyinyi mnaotikisa vichwa kama hamjapata kumbakizia mtoto tonge: je, beberu apewe nani?