Sanda ya Hoza

Ukiitikia jina la maiti, pokea na sanda yake. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule mwenzenu anayejipendekeza kwa wakubwa, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii haikutungwa na mtu. Ilianzia kwenye shamba la mkonge, hivi.

Chama cha wakata mkonge kilikuwa chini ya mwenyekiti Kaoneka, mtu wa maneno matamu na genge la wahuni mgongoni. Mwenye shamba alimlisha ili migomo isitokee, na aliyepinga alipotea. Hoza alipinga waziwazi. Uchaguzi ulipokaribia, naye akapotea. Watu walijua kauawa, ila mwili haukuonekana.

Kura za chama zilipigwa kwa sauti: unaitwa jina, unaitika "Nipo!", unamtaja umtakaye. Kaoneka akamfuata Shemahonge, rafiki wa Hoza, akamwahidi unyapara.

"Likiitwa jina la Hoza, itika wewe. Neno moja tu."

Shemahonge aliogopa. Lakini tusiusingizie woga peke yake, unyapara aliutamani.

Siku ya mkutano jina likaitwa, "Hoza!" "Nipo! Kaoneka!" akaitika Shemahonge. Sauti iliyomtoka ilikuwa na mkwaruzo, ya Hoza hasa. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tangu hapo wenzake shambani walimwita Hoza, bila utani. Akisema, "Jamani, mimi Shemahonge," wao huinamia mkonge wao. Nyumbani mkewe alimpakulia chakula, akajitanda khanga, akasimama mbali kwa adabu. "Karibu, shemeji," akamwambia. Akaisukuma sahani pembeni.

Punde polisi wakaja kumtafuta Hoza. Kaoneka akajibu kwamba yu hai, mkutano mzima ulimsikia. Polisi wakasema sawa, lakini waonyeshwe mwenyewe, mzima au maiti.

Adhuhuri moja wahuni wakafika kwa Shemahonge na bafta nyeupe na kamba ya kupimia. Kaoneka alikuwa nyuma yao.

"Hodi, Hoza. Tumekuja kukupima."

"Mwenyekiti, unanijua! Mimi Shemahonge!"

"Shemahonge hatafutwi na mtu. Anayetafutwa ni Hoza." Kaoneka alisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa. "Si uliitika mwenyewe?"

Shemahonge akapiga yowe. Akawaita majirani mmoja mmoja kwa majina yao, na wote walikuwa vibarazani, wanasikia. Akamwita mkewe, aliyekuwa kwa jirani akichambua mboga. Mwanamke akainuka. Yule bibi wa jirani akamshika mkono, akamkalisha.

"Usiitike, mwanangu. Hiyo ni sauti ya Hoza. Marehemu akiita, haitikiwi."

Kesho yake polisi walionyeshwa kaburi jipya, wakaondoka wameridhika. Ndiyo maana nawaambia, wajukuu zangu: ukiitikia jina la maiti, pokea na sanda yake.