Hodi ya Zimwi Vita

Paukwa!
"Pakawa!"
Pakawa mlango, na nje kuna mtu. Sogeeni. Wewe, toa kidole puani, ngano haipitii huko.

Hapo kale kulikuwa na zimwi, jina lake Vita. Lilikula wanaume wa kijiji, likashiba, likaenda zake porini. Tangu hapo, kila mwaka siku ileile, kijiji kizima kilisimama juani kikataja majina ya walioliwa. Watoto walinung'unika, kama nyinyi.

Mchana mmoja Kalunde alibaki nyumbani na mdogo wake, Shija. Mama yao kaenda kisimani.

"Hodi!" sauti ikaita mlangoni. "Nimeleta ngoma!"

Kalunde akatia komeo.

"Hodi! Nimeleta sare, vifungo vinang'aa!"

Kalunde kamziba Shija mdomo.

"Hodi, wanangu. Ni mimi baba yenu, Lugola."

Baba yao aliliwa zamani. Lakini sauti ilikuwa yake hasa, hata kikohozi. Mkono wa Kalunde ukalegea.

"Karibu!" akasema Shija.

Haya! Ndiyo malezi yetu hayo, karibu kwanza, nani baadaye. Komeo likaanguka lenyewe. Zimwi likaingia, likamdaka Shija mguu.

Kalunde akasema, "Mgeni hali kabla ya kutoa salamu. Watu wetu huko ulikotoka hawajambo?"

"Hawajambo wote."

"Wote kina nani? Wataje."

Zimwi likatumbua macho. "Mimi hula. Siulizi majina."

"Basi huna salamu, na wewe si mgeni wetu. Sisi tunawajua! Lugola, mfua majembe! Ngassa, mwoga wa vyura! Maganga, mume wa Nyanzobe!"

Kila jina, zimwi hatua moja nyuma. Jina, hatua. Jina, hatua. Mpaka likabaki jina moja, na jina hilo likampotea Kalunde. Unyayo mmoja wa zimwi bado uko ndani, na makucha yamemshika Shija.

"Taja," zimwi likacheka. "Taja, mama, nina njaa."

Shija akalia kwa nguvu, "Mang'ombe! Yule aliyekoroma msibani!"

Makucha yakaachia. Mlango ukajibamiza.

Halikufa. Msinitazame hivyo, nani kasema lilikufa? Lipo porini, linangoja mtoto mmoja tu aseme jua kali, akatae kutaja majina.

Ngano yangu nimeifunga, aliyesinzia shauri yake. Kesho Siku ya Mashujaa. Nendeni mkaoshe miguu.