Mkono wa Dada Tabitha

Wapo watu wanaoijua methali kwa mdomo tu. Waambie kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, watatikisa vichwa kama waliozaa kumi, kumbe hawajalea hata paka. Methali hii inasema kwamba maumivu ya mtoto, ya kumzaa na ya kuachana naye, hayafundishwi darasani. Huyajua yule aliyeyapitia. Tabitha Entwistle alihitaji miaka ishirini na kosa moja la hadharani ili aielewe.

Asubuhi aliyoondoka Uingereza, mwaka 1856, Tabitha alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba mjini Preston, lakini moyo wake ulikwisha kuhamia Sayuni, huku kwetu Utah, ambako Watakatifu, yaani waumini wa kanisa letu, walikuwa wakikusanyika. Mama yake, mjane Alice, alikuwa amepiga magoti mlangoni akisugua kizingiti kwa jiwe, kama walivyofanya wanawake wote wa mtaa ule kila Ijumaa.

"Mama, naondoka."

"Pita pembeni. Hapo nimeshasugua."

"Mama, hatutaonana tena!"

"Nimesema pita pembeni."

Hakuinua uso. Tabitha alikiruka kizingiti, akaenda zake akilia kwa hasira. Tangu siku ile aliamini kwamba mama yake alijali usafi wa mlango kuliko mtoto wake wa pekee.

Alivuka bahari, kisha akatembea nyika na milima kwa miezi mitatu akisukuma mkokoteni, mzigo wake wote ukiwa ratili kumi na saba. Alifika bondeni kwetu viatu vimekwisha. Akaolewa na Jabez Holroyd, mwashi mpole, wakazika watoto wawili na kumlea mmoja, Lovina. Tabitha alitamani mvua ya Preston, mvua ile ya kunyesha juma zima bila aibu. Alitamani mlio wa viatu vya mbao barabarani alfajiri, watu wakienda kiwandani. Zaidi ya yote alimtamani mama yake, ila hilo hakulitamka. Alimwandikia mara tatu, na barua zote tatu zilikuwa mahubiri matupu: tubu, batizwa, toka Babeli. Hakuna hata mstari mmoja uliosema, "Nimekukumbuka." Majibu hayakuja.

Kwetu, watu wa kwenda kufungua nchi mpya hawakuombwa. Majina yao yalisomwa kanisani Jumapili, na sote tukainua mkono wa kuume kuunga mkono. Mkono wa Tabitha ulikuwa wa kwanza siku zote. Jirani yake, Dorcas Pym, alipolia kwa sababu mwanawe ametajwa, Tabitha alimkemea mbele za watu: "Machozi ya nini, Dada Dorcas? Sayuni haijengwi kwa kamasi!" Dorcas aliyameza maneno hayo.

Basi Jumapili moja, mwaka wa ishirini tangu Tabitha afike, Askofu Thurlow alisimama na karatasi yake. "Wafuatao wataelekea kusini, jangwa la Arizona," akaanza, na mkono wa Tabitha ukapanda hata kabla ya jina la kwanza, kama kawaida yake. "Ndugu Ephraim Lusk, na mkewe, Lovina."

Mkono ulibaki juu. Angewezaje kuushusha? Kuushusha ni kupinga, na kanisa zima lilikuwa likimtazama. Lovina, mwenye mimba ya miezi mitano, naye alimtazama.

"Umeninyooshea mkono, Mama," alisema walipotoka nje.

"Sikujua kama ni wewe."

"Na watoto wa wenzako ulijua?"

Siku ya safari, gari la ng'ombe liliposimama mlangoni, Tabitha alikuwa jikoni akikanda mkate. Lovina aliingia kuaga. Tabitha aliendelea kukanda, macho kwenye unga. "Angalia usichafue gauni lako," ndilo neno pekee lililomtoka. Alijua kabisa kwamba akimtazama atamshika, na akimshika hatamwachia. Lovina akasubiri kidogo, kisha akatoka. Magurudumu yalipoanza kulia barabarani, Tabitha akakaa sakafuni na unga wake mikononi. Ndipo akamwelewa Alice.

Jioni Dorcas alibisha hodi, bakuli mkononi.

"Nilikuwa njiani kuja kukwambia Sayuni haijengwi kwa kamasi," alisema. "Halafu nikaona heri nikuletee supu."

"Nisamehe, Dada Dorcas. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa. Kunywa, inapoa."

Tabitha alikunywa, akalia, akamsimulia habari za asubuhi ile ya Preston. "Angeniangalia asingeniachia, Dorcas. Nami miaka yote hii nimemhubiria kama mpagani!"

"Yu hai?"

"Sijui. Kama yu hai ana miaka sabini na minne."

"Sasa unaniambia mimi ya nini? Kalamu huna?"

Barua ya nne haikuwa na mahubiri. "Mama, Lovina wangu ameondoka leo kwenda jangwani, na ana mimba. Sikuweza kumtazama. Nimekukumbuka kila siku tangu nilipoondoka. Nijibu kama ungali hai. Tabitha."

Kisha akaanza kungoja. Kusini kimya, Preston kimya. Kila siku ya posta alikuwa wa kwanza kufika. Jabez alimtania kwamba barua haiji upesi kwa kutolewa macho, lakini naye alikuwa akimfuata nyuma. Tabitha aliogopa jambo moja kuliko yote: kwamba mama yake amekufa akidhani binti yake hampendi.

Mwezi wa tatu wa kungoja ulipoingia, ikaja barua ya Preston, mwandiko wa mgeni, kwa kuwa Alice hakujua kuandika. Tabitha alikutana na Dorcas, akampa aifungue. Dorcas akamsomea palepale njiani:

"Tabitha, zile barua zako tatu nilisomewa nikachoka. Hii nimesomewa mara kumi. Mambo yetu mimi na wewe yangoje. Kwanza niambie: mtoto amefika? Tangu nisikie habari zake silali. Andika upesi. Mama yako."

"Hajapata kumwona Lovina hata siku moja," Tabitha alisema, "na halali!"

Dorcas alifuta macho kwa aproni. "Basi mjibu, bibi wa watu asije akafa kwa kukosa usingizi."

Siku ileile Tabitha aliandika: "Bado sijasikia, Mama. Nami silali." Mmoja akiwa Utah, mwingine Preston, wakaendelea kukesha pamoja wakimngoja mtoto mmoja, kwa maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.