Alama ya X kwa Mzee Lusingu

"Nani ataubomoa ukuta wa Mzee Lusingu uliomeza njia ya waenda kwa miguu?" Siwema, muuza mihogo, aliuliza mkutanoni. Maofisa wa barabara, waliomwogopa tajiri huyo, wakafunga mkutano, na watoto wa shule wakaendelea kupishana na malori.

Kesho yake Siwema alichora X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye genge lake la mihogo kando ya barabara, akapiga vigelegele.

"We binti, unabomolewa unacheka?" akauliza Lusingu.

"Shikamoo mzee. Wenye X si ndio wa kulipwa fidia? Pole, wewe wamekuruka."

"Muuza mihogo alipwe, mimi nikose? Lete rangi!" Akauchora ukuta wake X kubwa kwa mkono wake.

Tingatinga la kusafisha kando ya barabara lilipofika, genge la Siwema lilikuwa limekwisha kuhamishwa. Dereva alifuata alama tu, ukuta ukalala chini, gari la Lusingu lililokuwa nyuma yake likabaki wazi katikati ya njia.

"Fidia yangu!" Lusingu akafoka.

"Mzee wangu," akasema Siwema, "sogeza gari lako kidogo, watoto wapite."