Pete ya Nyuma

Mtu mmoja alikuwa na mabega yenye nguvu, watu wakayategemea, naye akachoka kutegemewa. Jina lake Manyama. Aliishi katika mwalo mmoja, kituo cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa ndoano huingia majini kila mtu peke yake, ndani ya vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki vya kukalia mtu mmoja, ambavyo siku hizi tunaviita kayaki.

Mwalo ule ulikuwa na desturi yake. Kila kayaki ilikuwa na kamba mbele na pete ya chuma nyuma. Wakati wa kurudi, upepo ukiwa wa usoni na mikono ya mtu ikigoma, hakupiga kelele wala hakuomba. Alijikongoja hadi nyuma ya mwenzake yeyote aliye karibu, akafunga kamba yake kwenye pete, akavutwa. Aliyevutwa leo alivuta kesho, Mungu akimjalia afya. Hakuna aliyeshukuru na hakuna aliyesimanga. Ukisimama ufukweni uliwaona wanakuja wamefuatana kama bata na vifaranga wake, na usingeweza kusema nani ana nguvu na nani hana.

Sasa, pete ya Manyama ndiyo iliyofungiwa kamba kuliko zote. Na aliyefunga hapo zaidi ni shemeji yake Chirangi, mume wa dada yake Nyangeta, mtu mpole aliyeugua kifua hadi kikamwacha na pumzi za kuazima. Manyama alimvuta siku nenda siku rudi bila neno. Lakini moyoni neno lilikuwepo. Mkewe alipokuwa akimkanda mabega kwa maji ya moto, alikuwa akijiuliza: hivi mimi ni punda wa nani? Msimlaumu upesi. Nani kati yetu hajawahi kujiuliza hilo huku anakandwa?

Basi alipouza pamba ya shamba lake akaagiza mjini mota ndogo ya umeme: fimbo ndefu yenye pangaboi chini na mkono wa kushikia juu, pamoja na betri nzito ya kukaa nyuma ya kiti. Ilipofika akamwita Chirangi amsaidie kuifunga, maana kazi ile haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Wakailaza kayaki nyuma ya nyumba. Wakajaribu bamba la kushikia mota ubavuni, plastiki ikabonyea. Wakajaribu ubavu wa pili, nao ukabonyea. Mahali pagumu palikuwa pamoja tu, pale nyuma kabisa, na hapo ndipo ilipokaa pete.

Manyama akafungua nati, akaing'oa. Akasema pete ataitafutia mahali pengine kesho. Chirangi akasema sawa shemeji, hakuna haraka, akaendelea kuishikilia kayaki isiyumbe wakati mwenzake akichoma matundu kwa nondo iliyotoka kwenye mkaa ikiwa nyekundu. Moshi wa plastiki ulimwingia kifuani akakohoa sana, ila hakuachia. Aliishika kwa mikono yote miwili mpaka boliti ya mwisho ikakazwa.

Kesho ile haikufika. Pete ilizunguka mle ndani, mara dirishani, mara chini ya kitanda, mwishowe Manyama akaipigilia kwenye nguzo ya zizi, akafungia mbuzi wake. Kwa muda tu, alisema.

Na mota jamani ilikwenda. Ilikwenda kimya, bila moshi, bila jasho. Manyama alifika mbali kwenye sangara wakubwa, akarudi wenzake bado wanahangaika na makasia, yeye ametulia kitini kama bwana harusi. Mara moja mbili watu walimsogelea nyuma na kamba zao. Wakaona bamba, wakaona nyaya na pangaboi, wakaelewa, wakaenda kwa mwingine. Hapo nisikilizeni vizuri. Manyama hakumkatalia mtu. Tangu azaliwe hakuwahi kumkatalia mtu kuvutwa. Hapakuwa na pa kufunga, basi. Mabega yakapona, usingizi ukarudi, na tuseme ukweli, aliona raha.

Alijua pete inaweza kurudi. Kilihitajika kipande cha ubao cha kuitia nguvu plastiki, na asubuhi moja ya kazi. Kila alipomfunga mbuzi alilikumbuka hilo, na kila alipomfungua alikuwa ameshalisahau.

Siku ya siku upepo uliamka mchana, wa usoni, maji yakawa meusi. Wenzake walikuwa wamekwisha kugeuza na kufungana, wako mbele kabisa. Manyama alikuwa mbali kuliko wote, kwa kuwa mota humfikisha mtu mbali, na alipokuwa akirudi akamkuta Chirangi amebaki nyuma peke yake, kasia mapajani, anatweta. Alipomwona shemeji yake alifurahi. Uso wake ulifunguka, Manyama aliuona. Akajivuta kwa nguvu zake za mwisho hadi nyuma ya mota, kamba mkononi. Akatazama. Akatazama tena.

"Shemeji," akasema, "nifunge wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza tu, mtu anayetaka kujua.

Manyama akageuka kuangalia. Kamba ingefungwa kwenye fimbo, bamba lingeng'oka na kuondoka na nusu ya kayaki. Ingefungwa chini kidogo, pangaboi lingeila. Kwa hiyo akaipokea mkononi. Mkono mmoja kamba, mkono mmoja mota, wakaenda hivyo, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba itawezekana. Kisha wimbi likaipiga kayaki ubavuni, kamba ikamvuta mkono nyuma, akaona anapinduka. Ilimpasa kushika mota kwa mikono miwili. Baadaye watu waliambiwa kwamba kamba ilimponyoka. Manyama anajua kwamba alifungua vidole.

Alipogeuka hakumwona Chirangi wala kayaki yake. Alimtafuta, hilo hakuna anayemnyima. Alizunguka pale pale akiita jina lake mpaka betri ikaisha. Akashika kasia, akakuta mabega yale ya zamani hayapo, yamelegea kwa raha. Wavuvi waliorudi kuwatafuta walimkuta anasukwasukwa na mawimbi, analia. Mmoja wao akaigeuza kayaki yake, akamsogezea upande wa nyuma. Pete ilikuwepo. Manyama akafunga kamba yake mwenyewe, akavutwa hadi nyumbani, mota ikining'inia.

Nyangeta alikuwa ufukweni. Alimpita kaka yake, akaenda nyuma ya kayaki, akazipapasa zile boliti moja moja kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa amekiweka pale. Chirangi aliokotwa baadaye kwenye matete, amekufa maji, kamba ikiwa bado imemzunguka kiganja, ncha yake haijafungwa popote.

Lakini jioni ya siku ile ya upepo, Manyama alipofika kwake, alikuta upepo umeezua paa la jiko na kuuangusha ua wote. Watoto wakamwambia asiwe na wasiwasi, mbuzi yupo. Akaenda kumtazama. Alikuwa amesimama kwenye nguzo yake, anacheua, wala hakusogea. Ile pete ilikuwa imemshika vizuri sana.

Nanyi mliojaliwa mota, mwenzenu akiwafikia leo na kamba yake mkononi, atafunga wapi?