Fisi, Pimbi na Sanduku Lenye Kufuli

Hapo zamani za kale, watoto, kabla hata samaki hawajakubaliana nani amle nani, Simba alitangaza kwamba nchi kavu yote ni ofisi yake, na mnyama asiye na shughuli ofisini atoke nje. Wengi walitoka. Wachache walibaki kuuliza maswali, na hao hawakuonekana tena.

Fisi, Bi Ngiri na Pimbi wakahamia ziwani, ndani ya mashua ndogo yenye tanga la viraka. Bi Ngiri akawa nahodha, kwa sababu mashua ilikuwa ya marehemu baba yake. Fisi akawa mkubwa wa nyumba, kwa sababu alisema hivyo. Pimbi, mnyama mdogo kuliko mbuzi aliyezaliwa jana, akawa yule anayetumwa.

Nyinyi mnaolala wanne chumba kimoja mnadhani mnajua kubanana. Hamjui. Ndani ya mashua ile, ukitaka kujikuna sikio ilibidi umwombe jirani asogee. Sufuria ilipikiwa ugali mchana, jioni ikachotewa maji yaliyovuja, usiku ikageuzwa kuwa mto wa kulalia. Kila kitu kilikuwa na kazi tatu, na kisichokuwa na hata mbili kilitupwa ziwani.

Humo mote mlikuwa na sehemu kavu moja tu: feuli, kijighala kilichoko nyuma ya chombo, chenye paa na mlango. Fisi aliichukua siku ya kwanza, akaijaza mifupa mpaka mlango ukawa haufungi bila kupigwa teke. Karanga za Pimbi zikabaki nje, chini ya gunia lililotoboka. Mvua za vuli zilipokwisha, nusu ya karanga zilikuwa zimeota majani. Na sasa masika yalikuwa njiani. Hizo zilizobaki zikioza, Pimbi angetafuna kamba za tanga mpaka jua lirudi, kama angefika huko.

"Mzee Fisi," akasema Pimbi asubuhi moja, "nakuomba kona moja tu ya feuli. Karanga zitaoza, nami sina chakula kingine."

"Mwili mdogo, nafasi ndogo," akajibu Fisi. "Tena wewe ndiye wa kupunguza mzigo, kijana. Chombo kimejaa."

"Nipunguze nini tena, mzee? Hata mkia sina."

"Basi punguza maneno."

"Sawa."

Sawa. Neno hilo lilimkaa Fisi kooni siku nzima. Nani ananyimwa halafu anasema sawa? Yeye mwenyewe, maisha yake yote, hakuwahi kusema sawa ila pale alipokuwa ameshaiba. Akaamua kumchunga Pimbi kwa jicho moja. Jicho la pili lilibaki feuli.

Siku iliyofuata Fisi alipozinduka katika usingizi wake wa mchana, akakuta sanduku katikati ya mashua. Sanduku la mbao, lenye kufuli kubwa kuliko kichwa cha Pimbi. Na Pimbi mwenyewe kaketi juu yake, miguu inaning'inia, ufunguo shingoni.

"Hilo limetoka wapi?"

"La Nahodha. Kamba zilizokuwamo kazitundika mlingotini, kaniazima."

"Mna nini ndani?"

"Mawe."

Fisi akacheka kile kicheko chake mnachokijua. "Mawe."

"Mawe, mzee. Yale ya farumi, yanayokaa ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, ili kisiyumbe. Nahodha kasema ngama inanuka. Nimeyatoa nipate kusugua."

"Na kufuli la nini?"

"Yasimwagike tukipata wimbi. Yakikuangukia mguuni utanilaumu mimi."

Jibu lilikuwa zuri, na hapo ndipo penye tatizo. Fisi hakuamini majibu mazuri. Kwa uzoefu wake, jibu zuri hutengenezwa mapema.

Akangoja Pimbi ashuke ngamani kusugua. Akalisukuma sanduku kwa bega: halikusogea. Akaligonga: ndu, ndu. Zito, na limejaa. Akapeleka pua kwenye tundu la kufuli, akavuta: fff. Mate yakamdondoka. Samaki. Harufu ya samaki wa siku nyingi, iliyokolea vile vile Fisi anavyoipenda.

"Mawe yanayonuka samaki," akajiambia. "Kweli dunia imeendelea."

Jioni ile mawingu yakaanza kujikusanya, wakafunga mashua gatini wapate ruhusa ya kuvuka kwenda kwenye hori, mkono wa ziwa uliokingwa na upepo. Mkaguzi wa vyombo alikuwa Korongo. Alisimama kwa mguu mmoja, maana kanuni zilimtaka mkaguzi asimame wima na hazikutaja miguu mingapi.

"Sandukuni mna nini?" akauliza.

"Mawe ya farumi, Mheshimiwa," akasema Pimbi.

Korongo akaligonga kwa mdomo: kong', kong'. Akakohoa. "Kilichotamkwa kuwa mawe, na chenye uzito wa mawe, ni mawe."

"Hulifungui?" Fisi akauliza.

"Kufungua masanduku ni kazi ya idara nyingine."

"Idara gani?"

"Haijaundwa."

Kisha Korongo akainama, akamnong'oneza Pimbi, na Pimbi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anamuuliza kama mama yake hajambo. Lakini Fisi aliona mdomo na sikio tu, akajumlisha mwenyewe: hawa wameshagawana.

Akamsogelea Pimbi taratibu, sauti yake imelainika kama mlenda.

"Kijana, nimefikiri juu ya karanga zako. Nimekuonea huruma."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu asubuhi. Chukua feuli yote. Mimi nipe hilo sanduku, na kila kilichomo."

Pimbi akakuna shingo. "Lakini mzee, ni mawe."

"Najua. Nayapenda mawe."

"Usije ukasema sikukuambia. Nahodha, unasikia?"

Bi Ngiri alikuwa anashona tanga. Hakuinua hata kichwa. "Ni mawe, Fisi. Niliyapanga mimi na baba yangu."

Kumbe na huyu yumo, Fisi akawaza. Chombo kizima kinakula samaki nyuma ya mgongo wangu.

"Mbele ya mkaguzi," akasema kwa sauti kuu, "feuli yako, sanduku langu, na hakuna kurudishiana."

"Imeshuhudiwa," akasema Korongo, akabadilisha mguu.

Fisi akahamishia mifupa yake juu ya mbao za sitaha, akairundika. Pimbi akaingiza karanga zake feuli, akafunga mlango. Ulifungika bila teke. Ndipo akavua ufunguo shingoni, akampa Fisi kwa mikono miwili, kama inavyostahili kwa mkubwa.

Kwachu. Kufuli likaachia. Fisi akainua kifuniko.

Mawe. Meusi, yana utelezi wa kijani. Akainua moja, chini yake lingine. Akainua hilo, chini yake lingine.

"Samaki wako wapi?"

"Samaki gani, mzee?"

"Yananuka samaki!"

"Maji ya kila samaki aliyewahi kuvuliwa na chombo hiki huteremkia ngamani. Hata wewe ukikaa huko utanuka."

"Umenidanganya."

"Nilikuambia nini?"

Fisi akakumbuka: mawe. Kisha hasira zikampanda. Akakamata jiwe, akalirusha ziwani: chubwi. La pili: chubwi. Bi Ngiri akadondosha sindano, "We Fisi, acha, hiyo ndiyo farumi yetu," lakini ukishaanza kurusha mawe kwa hasira masikio hayasaidii. Akarusha mpaka la mwisho.

Upepo ukaja. Mashua, nyepesi kama kibuyu kitupu, ikalala ubavu. Ikainuka. Ikalala ubavu wa pili, mlingoti ukakaribia kunywa maji, na mifupa yote ya Fisi ikateremka sitahani: chubwi, chubwi, chubwi. Feuli haikuingia hata tone.

"Chombo kisicho na farumi hakiondoki gatini," akatamka Korongo. "Na chombo kisichoondoka dhoruba hukipasulia hapa, jambo ambalo pia limekatazwa."

"Tuokote mawe mengine pale ufukweni," akasema Fisi, akitweta.

"Mawe ya nchi kavu ni mali ya ofisi. Maombi hupokelewa na Simba, ana kwa ana."

Hakuna aliyejitolea.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Pimbi kwa upole. "Kanuni inasema lazima yawe mawe?"

Korongo akafikiri. "Inasema kitu kizito, kilale ngamani, kitulie, kisiwe na kazi nyingine huko juu."

Bi Ngiri akamtazama Pimbi. Pimbi akamtazama Korongo. Korongo, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akateremsha mguu wa pili, na wote watatu wakamgeukia Fisi.

"Mwili mkubwa, nafasi kubwa, mzee," akasema Pimbi. "Ngama nzima ni yako."

Basi masika yote Fisi alisafiri chali chini ya mbao, maji ya samaki yakimtekenya masikio. Akijigeuza, Bi Ngiri alipiga kisigino sakafuni: tulia huko, chombo kinapinda. Na kutoka feuli, kwenye ukavu, sauti ilimfikia siku nzima: kwa, kwa, kwa.

"Pimbi," akaita, "unakula nini huko?"

"Karanga, mzee."

Ganda moja likapenya kati ya mbao, likamwangukia puani. Akalinusa upande huu, akalinusa upande ule. Karanga, anasema. Hapana. Pana kitu anaficha.

Nami hapa natia nanga, na mnalobeba ni hili moja: anayemshuku kila mtu huna haja ya kumdanganya, mwambie kweli, atajidanganya mwenyewe.