Siku Zimwi Alipolimeza Jua

Sogeeni, wenzangu, hadithi imeshafika mlangoni.

Hapo kale zimwi alikuwa na mtindo wa kulimeza jua, kisha akapita gizani nyumba hadi nyumba, akibisha hodi kwa sauti za wenyeji. Aliyemfungulia hakuonekana tena.

Siku hiyo Siwema alikuwa uani, akilitazama jua ndani ya beseni la maji. Akaliona likimegwa, likamegwa tena, likabaki kama ukucha. Kuku wakaingia bandani. Mumewe, Shebwana, alikuwa bado shambani. Siwema akakimbilia ndani, akatia komeo. Giza likatanda.

"Hodi! Siwema, nifungulie!" Sauti ilikuwa ya mumewe.

Mkono ukaenda kwenye komeo, ukasita. "Mtoto wetu tuliyemzika aliitwa nani?"

"Salama."

Hakufungua.

"Hodi! Mke wangu, nifungulie!"

"Mtoto wetu tuliyemzika aliitwa nani?"

"Mwinyi."

Hakufungua.

"Hodi!" Safari hii sauti ilikuwa ikihema. "Siwema, zimwi yuko nyuma yangu!"

"Mtoto wetu tuliyemzika aliitwa nani?"

Nje mtu akashusha pumzi. "Siwema, mbona wanitonesha kidonda? Alikufa hatujampa jina."

Akafungua, akamvuta ndani, akakomea. Kucha zikakwaruza ubao, zikakwaruza, zikaacha.

Jua liliporudi liliwakuta wameshikana mikono sakafuni, wakinong'ona, wakimtafutia mtoto wao jina.

Yangu yameishia hapo. Fungeni milango, tulale.